Tangi la Matumbawe Limegoma: Uanzie Wapi

Kabla hujamimina chochote ndani ya tangi, jibu swali moja: katika siku kumi zilizopita, nini kimebadilika? Umefungua ndoo mpya ya chumvi? Umeongeza taa? Sebule imepakwa rangi, au dada wa nyumbani amepuliza dawa ya mbu mlango ukiwa umefungwa? Ulisafiri ukamwachia jirani kazi ya kulisha? Matumbawe hayajikunyati bila sababu, na mara nyingi sababu ina alama za vidole vya mwenye tangi. Andika majibu kwenye daftari, hata yale yanayoonekana ya kipuuzi. Dawa ya mbu, kwa mfano, si upuuzi hata kidogo: viambato vya nyingi kati ya hizo vinaua samaki na hasa jamii ya kamba, na skima yako, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, inavuta hewa ya chumba hichohicho usiku kucha.

Dukani utauziwa chupa ya kuondoa mwani, chupa ya bakteria, chupa ya kurudisha rangi. Baadhi zinafanya kazi. Ubaya wake ni kwamba zinakunyima nafasi ya kujua. Ukitia vitu vitatu kwa siku moja, tangi likipona hutajua kilichoponya, na likifa hutajua kilichoua. Pima kwanza, na upime kwa mpangilio wa kasi ya kuua: hewa, joto na chumvi, halafu amonia, halafu alkaliniti, na mwisho nitrati na fosfati. Kukosa hewa kunaua kwa saa, amonia kwa siku, fosfati kwa miezi. Watu wengi huanza na fosfati kwa sababu wanaona mwani, na samaki wanakata roho wakiwa bado wanasoma rangi ya maji kwenye kichupa.

Maji yenyewe

Maji ya bahari ya wazi yana chumvi takribani gramu 35 kwa kilo. Tangi la lita 200 lisilo na kifuniko, feni ikipuliza juu yake, linaweza kupoteza lita nne kwa siku. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Usipojazia kwa siku tano, 35 imekuwa karibu 39. Kisha Jumapili unakumbuka, unamimina ndoo nzima kwa mkupuo mmoja, na wanyama ambao miili yao haiwezi kujirekebishia chumvi wanapata pigo la pili, kali kuliko la kwanza. Jazia kila siku, kidogo kidogo, kwa maji yasiyo na chumvi. Swichi ya boya inayowasha pampu ndogo kutoka kwenye dumu ni kifaa cha bei ndogo kuliko tumbawe moja zuri, nami ningeinunua kabla ya taa ya pili.

Kama chumvi imeshapanda, ishushe kwa siku mbili au tatu. Na kabla ya yote hayo, hakikisha kipimo chenyewe hakidanganyi. Vile vya plastiki vyenye mshale hupotoshwa na kiputo kimoja cha hewa kilichonasa kwenye mshale. Refraktomita ni bora, ila isawazishe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, maana ikisawazishwa kwa maji matupu inaweza kusoma sifuri sawasawa na bado ikakosea huko juu unakohitaji.

Maji ya bomba yana klorini, na mara nyingine shaba kutoka kwenye mabomba ya nyumba. Maji ya kisima cha Pwani yana chumvi zake, na karibu na mashimo ya choo yana nitrati. Yapitishe kwenye mashine ya kuchuja kwa mgandamizo, kisha kwenye kichujio cha resini, hadi kile kifaa cha kupima vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri. Kikianza kusoma 3 au 4, badilisha resini. Usingoje mwani ukukumbushe.

Anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hujiuliza kwa nini anunue chumvi ya ndoo na bahari iko pale. Maji ya bahari yanafaa kweli, kwa masharti. Yachote maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari, mbali na mdomo wa mto, na si wakati wa masika. Kule Malindi mto Sabaki huingiza tope jekundu baharini kiasi cha kubadilisha rangi ya maji, na mvua kubwa hupunguza chumvi ya maji ya ufukweni popote pale. Chuja kwa kitambaa kizito, weka kwenye mapipa safi ya chakula, yazungushe kwa pampu gizani siku kadhaa, pima chumvi, ndipo utumie. Ukiyaacha yamesimama kwenye dumu, vidudu vilivyomo vitakufa na kuoza, nawe utakuwa unamwaga amonia tangini ukidhani unabadilisha maji.

Hapohapo vishawishi huanza: nimekuja kuchota maji, si nichukue na kipande cha mwamba? Usichukue. Matumbawe ya mawe yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, hivyo hayavuki mpaka bila kibali, na ndani ya hifadhi za bahari kama Kisite-Mpunguti au Chumbe hakuna cha kuokota. Isitoshe, jiwe lililong'olewa leo huja na sifongo na wadudu ambao wengi wao watakufa njiani na kuozea sebuleni kwako.

Joto, hewa na umeme

Lenga nyuzi 24 hadi 27. Mwaka 1998 miamba ya Kenya na Tanzania ilipauka vibaya kwa sababu bahari ilizidi joto lake la kawaida kwa nyuzi chache tu, kwa wiki kadhaa. Sebule ya Dar mwezi wa Februari inaweza kukupa ongezeko hilo kabla ya saa nane mchana. Feni juu ya maji hupoza kwa kuyafanya yavukize, na inaweza kushusha nyuzi mbili au zaidi hewa ikiwa kavu. Kwenye unyevu wa Pwani inashusha kidogo tu, na Muscat wakati wa kiangazi haisaidii kitu cha kutajika. Hapo ni kiyoyozi cha chumba au mashine ya kupoza maji. Chupa za barafu ni za dharura. Zikitumiwa kila siku huleta kupanda na kushuka kwa joto, jambo baya kuliko nyuzi 28 zilizotulia.

Nairobi shida ni kinyume chake: Juni na Julai usiku ni baridi, hita inafanya kazi bila kupumzika, na hita ikiharibika mara nyingi hukwama ikiwa imewaka. Weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikikwama, haina nguvu ya kupika tangi zima. Nairobi ina jambo jingine ambalo wachache hulifikiria. Iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji yanayeyusha oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa yenye joto na chumvi ileile. Tangi lenye samaki wengi linaloponea chupuchupu Pwani huenda lisipone huko juu. Punguza samaki, na uelekeze pampu moja ya mkondo juu ili uso wa maji uwe unatetemeka muda wote.

Samaki wakienda juu na kuhema alfajiri, kisha wakatulia taa zikiwaka, ni oksijeni. Usiku mwani na matumbawe huacha kuitengeneza lakini huendelea kuitumia. Chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi hujaa pia kabonidayoksaidi, ambayo hushusha pH ya tangi. Usiikimbize pH hiyo kwa kemikali. Fungua dirisha saa moja, au pitisha mpira wa hewa wa skima hadi nje ya nyumba, kisha upime tena.

Umeme ukikatika, watu hufikiria joto. Joto litangoja. Kinachoisha kwanza ni hewa, na katika tangi lililojaa samaki huweza kuisha ndani ya saa chache. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika ni lazima kwa yeyote anayeishi kwenye mgao. Ukiwa na inveta, usiiunganishe na taa wala hita. Iunganishe na pampu moja ya mkondo tu, na betri itadumu usiku kucha. Kama huna chochote, chota maji kwa jagi na uyarudishe kutoka juu kila baada ya dakika chache. Usilishe hadi umeme urudi.

Umeme huohuo una mtego wa pili. Pampu ya kurudishia maji ikizimika, maji ya tangi la juu hurudi kupitia bomba lake hadi mdomo wa bomba upate hewa. Kama tangi la chini, sampu, halina nafasi ya kuyapokea, utaamka zulia likielea. Fanya jaribio leo mchana: zima pampu kwa makusudi uangalie maji yanafika wapi. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema, na ulisafishe kila mwezi maana konokono hupenda kulala humo. Nyaya zote ziache zining'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone likitembea juu ya waya lidondoke sakafuni na lisiingie kwenye umeme.

Amonia, chokaa na magadi soda

Katika tangi jipya bakteria huchukua wiki nne hadi sita kuzoea kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Katika tangi lililokwisha komaa, amonia inayoonekana kwenye kipimo maana yake kuna mzoga nyuma ya mawe, au umechokonoa mchanga wa zamani. Tafuta mzoga. Badilisha robo ya maji, hata nusu, kwa maji yenye chumvi na joto sawa na ya tangini, na usilishe. Kwenye pH ya maji ya bahari sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ya sumu kuliko kwenye tangi la sato, kwa hiyo usijifariji na kile "kidogo" kinachoonekana.

Matumbawe magumu yanayokatika ncha, yasiyokua, au yanayovuliwa ngozi kuanzia chini yanakudai kipimo cha alkaliniti. Ishikilie kati ya 8 na 9 kwa kizio cha dKH. Kalsiamu kati ya 400 na 450, magnesiamu kati ya 1,250 na 1,350, zote kwa miligramu kwa lita. Kuliko namba yenyewe, angalia kama imetulia. Tangi la dKH 7.5 lisilotikisika linashinda la 9 linaloruka hadi 11 kila ukibadilisha maji kwa chumvi yenye alkaliniti kubwa. Pima saa ileile kwa siku tatu mfululizo bila kuongeza kitu: tofauti itakuambia matumbawe yako yanakula kiasi gani kwa siku, na hicho ndicho utakachorudisha.

Cha kurudishia kipo jikoni. Magadi soda, yaani sodiamu baikaboneti ya kuokea, gramu 3 hivi katika lita 100 hupandisha alkaliniti kwa dKH moja. Yeyusha kwanza kwenye maji safi, mimina polepole kwenye mkondo, na usizidishe dKH moja kwa siku. Soma kisanduku vizuri: beking pauda ina vitu vingine, fosfati ikiwemo mara nyingi, na magadi ya ziwa ya kuivishia maharage ni kitu kingine kabisa. Njia nyingine ni maji ya chokaa, yanayoleta kalsiamu na alkaliniti pamoja, yakidondoshwa usiku tone kwa tone. Babu zetu walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea nyumba za Lamu na Unguja. Hapa mzunguko unakwenda kinyume. Ila usinunue mfuko wa chokaa ya ujenzi. Tafuta kalsiamu haidroksaidi safi ya daraja la chakula, na ujihadhari na macho, maana maji yake ni makali sana.

Alkaliniti na kalsiamu zikikataa kupanda hata ukiongeza, na unga mweupe unaganda kwenye hita na pampu, pima magnesiamu. Ikiwa chini, hizo mbili hukutana na kuganda kuwa mawe kabla matumbawe hayajazipata. Pandisha magnesiamu kwanza.

Mwani: ujue jina lake kwanza

Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole kwenye mchanga wa tangi jipya ni diatomu. Linakula silika na huondoka lenyewe baada ya wiki chache. Acha.

Utando mwekundu au wa zambarau unaonyanyuka kama shuka ukiupuliza ni sayanobakteria. Hukaa pasipo na mkondo wa kutosha na penye mabaki ya chakula. Ufyonze kwa mpira, sogeza pampu ielekee pale, punguza chakula. Kuna dawa inayouondoa kwa siku mbili, lakini utando unaooza kwa pamoja hunyonya oksijeni. Ukiitumia, ongeza hewa. Usipobadilisha mkondo utarudi.

Makamasi ya kahawia yenye viputo na nyuzi, yanayopungua usiku na kurudi mchana, huku konokono wakianguka mmoja mmoja, mara nyingi ni dinoflajelati, na hapa ndipo wenye bidii huumia zaidi. Huja pale mtu alipofanikiwa kusafisha maji mpaka nitrati na fosfati zikasoma sifuri. Chota kidogo kwenye chupa, tikisa sana, chuja kwa karatasi ya kahawa, kisha weka maji yaliyopita mbele ya taa kwa saa moja. Yakijikusanya tena kuwa nyuzi, umewapata. Acha kubadilisha maji, ondoa kifaa cha kunyonya fosfati, lisha zaidi, na upandishe nitrati hadi 5 na fosfati hadi karibu 0.1 miligramu kwa lita. Kumlisha mgonjwa wa makamasi kunaonekana wazimu, lakini viumbe wengine wanapopata chakula ndipo wanapowapokonya dinoflajelati nafasi.

Nyuzi za kijani ndefu ni mwani wa kawaida, na dawa yake kubwa ni mikono. Ung'oe nje ya maji kama jiwe linatoka, kisha weka konokono wa kuuzuia usirudi. Konokono hawali msitu, wanakula miche. Fosfati ishushe kwa wiki nyingi. Ikiporomoka kwa siku mbili, utakuwa na mawe safi na matumbawe yaliyokufa. Na usishangae kuwa badiliko moja halikufua dafu: nitrati ikiwa 40, ukibadilisha asilimia 20 ya maji inabaki 32.

Weupe wa aina mbili

Tumbawe limekuwa jeupe. Sogea na kioo cha kukuzia. Kama nyama ipo, imekuwa ya kuangaza na mifupa inaonekana ndani yake, limepauka: limewatoa mwani wadogo wanaoishi ndani yake, kwa joto au kwa mwanga. Linaweza kuishi. Punguza taa, tuliza joto, lilishe, ungoje miezi. Taa mpya za LED zianzie nusu ya nguvu na zipande kwa mwezi mzima.

Kama hakuna nyama na umebaki mfupa mkavu wenye mpaka mkali, ngozi inavuliwa, na ikiwa inatembea kwa saa, kungoja ni kupoteza yote. Kata tawi zima juu ya mpaka, sentimita moja au mbili ndani ya nyama yenye afya, lipandikize mahali pengine. Kisha urudi kwenye alkaliniti. Usiku pita na tochi: minyoo bapa na konokono wasio na gamba hula matumbawe wakati umelala, na mayai yao hubaki baada ya kuyachovya kwenye dawa. Ndiyo maana tumbawe jipya huchovywa, hukaguliwa, na huchovywa tena baada ya wiki.

Samaki wenye madoa

Chembe nyeupe kwenye mapezi, zikianza mara nyingi kwa kangaja, ni kazi ya kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Hukaa kwenye ngozi siku chache, hudondoka, hujifungia kwenye mchanga au jiwe, hupasuka kutoa vitoto vingi, na vitoto hutafuta samaki. Kwa hiyo madoa yakitoweka siku ya tano hujaponya kitu, hata kama ulikuwa umetia kitunguu saumu kwenye chakula. Kitunguu saumu kinawafanya samaki wale vizuri, basi.

Shaba huua kimelea, na huua pia matumbawe, kamba na konokono, kwa hiyo haigusi tangi la matumbawe. Hamishia samaki wote, hata wasio na doa, kwenye beseni la plastiki lenye hita, kichujio cha sifongo na vipande vya bomba vya kujifichia, bila mawe kwa sababu mawe hunyonya shaba, na upime kiwango cha dawa kila siku. Tangi kuu likae bila samaki. Wafugaji wengi hushika siku 76. Ukiona vumbi laini badala ya chembe, na samaki wanahema haraka na kukimbilia mkondo, huenda ni Amyloodinium, anayemaliza tangi kwa siku mbili tatu. Hamisha usiku huohuo.

Aiptasia na kitu cha kuogopa kweli

Aiptasia, yule anemoni mdogo wa kahawia anayezaliana kila ufa, usimkwangue wala kumponda. Kipande kilichobaki huwa wengine. Zima mkondo, mchome mdomoni kwa sindano ya uji mzito wa chokaa, subiri robo saa, kisha washa pampu.

Palythoa na baadhi ya jamaa zake wenye vichwa kama vifungo ni jambo jingine. Wanaweza kuwa na palitoksini, moja ya sumu kali zaidi za asili. Watu na familia nzima wamelazwa hospitali baada ya mtu kuchemsha jiwe lenye wanyama hao au kulisugua kwa maji ya moto. Usichemshe jiwe la tangi kamwe, usilisugue kavu, na ukiwakata vaa glovu na miwani. Ukipata ladha ya chuma mdomoni, homa, misuli kuuma au kifua kubana saa chache baadaye, toka ndani ya chumba hicho na watu wako wote, nenda hospitali, na umtajie daktari jina la sumu hiyo pamoja na kile ulichokuwa unafanya, maana si wengi wanaokutana na mgonjwa wa tangi la samaki.